Mnada wa Mama wa Povu

Mwalimu Andongwisye Kibona aliandika igizo lake ili liwatishe watu, na watu wakalipenda. Hilo lilimuudhi kuliko kitu chochote. Angezomewa angevumilia, maana mwandishi akizomewa anajipa moyo kwamba hakueleweka. Lakini kupigiwa vigelegele kwa jambo ulilotaka watu walilie, hapo hujui ushike wapi.

Igizo liliitwa Mji wa Povu. Mwalimu alilitunga baada ya kustaafu, amekaa mezani kwake katika kijiji kimoja cha milimani, si mbali na Itumba, huku mkewe Gwalugano yuko shambani. Lilihusu miaka ijayo, wakati ambapo watu wa Songwe nzima wamemsahau Mungu na wanaabudu kiwanda cha sabuni. Katika mji huo bomba la moshi la kiwanda ni refu kuliko mnara wa kanisa lolote. King'ora kikilia alfajiri, watu wanapiga magoti. Makuhani wanavaa aproni nyeupe. Mtu hatubu dhambi, anaungama madoa: anakwenda na shati lake, anamwonyesha kuhani doa la mchuzi, anaeleza kwa machozi lilivyoingia, na kuhani anampa kipakiti cha sabuni ya unga na kumwambia aende kwa amani. Mwenye doa lisilotoka anakaa nje. Wakikutana njiani, mmoja anasema, "Povu liwe nawe," na mwenzake anajibu, "Nalo lisikauke."

Juu ya wote anakaa Mama wa Povu. Mwisho wa igizo Mama huyo anavua taji lake na kuliweka juu ya mche mkubwa wa sabuni, naye Meneja Mkuu anaweka funguo za gari lake chini ya mche huohuo na kutangaza kwamba hana tena kitu duniani isipokuwa povu. Watazamaji walitakiwa kwenda nyumbani wakitetemeka.

Wanawake wote wa kwaya waliikataa nafasi ya Mama wa Povu. Mmoja alisema ana mafua. Mwingine alisema wazi kwamba anaogopa radi. Ndipo Gwalugano, aliyekuwa amekuja kumletea mumewe chai mazoezini, akasema, "Nipe mimi."

Mwalimu alimpa kwa kukosa mtu. Aliwaza kwamba mkewe angesema maneno yale macho chini, na yeye angemsaidia kutoka pembeni kama alivyozoea. Maana Mwalimu alikuwa na tabia moja ambayo kijiji kizima kiliijua isipokuwa yeye mwenyewe: hakuwahi kumwacha mkewe amalize hadithi. Gwalugano akianza, "Jana nimekutana na Marta kisimani, ananiambia kuku wake..." Mwalimu anadakia, "Kaibiwa, najua," na hadithi inaishia hapo. Hakuwa mtu mbaya. Alidhani anampunguzia mama wa watu safari.

Siku ya onyesho Gwalugano alipanda jukwaani na taji lake la vipira vya plastiki vinavyong'aa, akawatazama watu, akanyamaza. Alinyamaza mpaka watoto wakaacha kutafuna miwa. Kisha akauliza, kwa sauti ambayo Mwalimu hakuwahi kuisikia nyumbani kwake, "Nani kati yenu hana doa?"

Mzee mmoja aliinama akakagua suruali yake.

Mstari wa mbele alikuwa amekaa bwana mmoja mtanashati aitwaye Ferdinand, afisa masoko wa kiwanda cha sabuni ya Theluji kule Tunduma. Alikuja kugawa vipakiti vya bure, akaombwa abaki kwa heshima ya wenyeji. Igizo lilipoisha alikuwa amesimama, simu juu, machozi yanamlengalenga. Alimfuata Mwalimu nyuma ya jukwaa, akamshika mkono kwa mikono miwili.

"Shikamoo mwalimu. Mwalimu, wewe ni hatari. Sisi ofisini tumekaa na wataalamu mpaka wa kutoka Dar, hakuna aliyewaza kitu kama hiki."

"Marahaba. Lakini hili ni onyo, bwana Ferdinand."

"Onyo zuri sana," alisema Ferdinand. "Hiyo ya kuungama madoa, naomba niondoke nayo."

Mwalimu angekataa pale pale, mambo yangeishia hapo. Lakini hajawahi kuzaliwa mwandishi anayeweza kumkatalia mtu aliyetokwa machozi kwa kazi yake. Alijikohoza, akasema basi wakiitumia wataje jina la mtunzi.

Walitaja jina la mtunzi, kwa maandishi madogo, nyuma ya turubai. Turubai lenyewe lilisimamishwa Tunduma karibu na mpakani, jeupe pee, na mlangoni kumeandikwa KUUNGAMA MADOA. Madereva wa malori waliochoka kusubiri kuvuka walipanga foleni kuungama grisi. Mama lishe waliungama mawese. Wazambia walivuka kutoka Nakonde na shuka zao mkononi, na ndani ya turubai, kwenye kiti kirefu, alikaa Gwalugano, aliyeombwa na kampuni, na taji lake. "Mulishani, bamayo," walimsalimia kwa kupiga magoti kidogo, kama wanavyomsalimia mama yeyote wa heshima, naye akawauliza doa liliingiaje. Akawasikiliza mpaka mwisho. Kisha akawasimulia doa lake mwenyewe, alilolipata siku ya arusi ya dada yake, na hakuna aliyemkatiza.

Kutoka Tunduma mchezo ukapanda milimani. Duka la kijijini likafungiwa spika, na kila alfajiri king'ora cha Theluji kikalia kabla kengele ya kanisa haijapigwa. Watu walianza kusalimiana kwa povu kwa kutania. Mwezi mmoja baadaye walisalimiana hivyo bila kucheka. Mtoto mmoja akabatizwa Theluji. Mchungaji Aliko, mtu mpole mwenye kanisa linalovuja, alisema "Bwana awe nanyi" siku moja ya Jumapili, na nusu ya kanisa ikajibu, "Nalo lisikauke." Mchungaji alifuta miwani yake, akaendelea.

Jambo lililomchoma Mwalimu ni la Marta. Marta alikuwa mjane anayeuza ndizi, na utomvu wa ndizi ukishaingia kwenye nguo hautoki, hata uifue kwa sabuni ya malaika. Vitenge vyake vyote vilikuwa na mabaka meusi. Zamani alikaa benchi la pili kutoka mbele na kuimba kuliko wote. Sasa alihamia benchi la mwisho, nyuma ya nguzo, na siku ya meza ya Bwana hakutoka kwenda mbele.

"Nitakwenda nikipata kitenge kipya," alimwambia Mwalimu alipomuuliza. "Watu wananitazama, mwalimu. Hamkutunga ninyi kwamba mwenye doa akae nje?"

Mwalimu alirudi nyumbani akiwa mgonjwa wa hasira, na hasira yenyewe haikuwa na pa kwenda ila kwake. Alitaka kumweleza mkewe. Akamkuta anakunja nguo.

"Baba Tumaini," alisema Gwalugano, "Theluji wamenipa nyumba Tunduma. Wanataka nikae hukohuko, niwe natembezwa kwenye maduka, Vwawa, Mlowo, mpaka Mbeya. Nimewaambia nitaanza Jumatatu, tukishamaliza Jumapili ya mavuno. Nilikuwa nataka kukwambia kwamba..."

"Kwamba utakuwa unakuja mwisho wa mwezi, naelewa," alisema Mwalimu.

Gwalugano alimtazama, akaendelea kukunja nguo.

Hapo ndipo Mwalimu alipotakiwa kusema usiende. Neno lilikuwepo, liko kooni kabisa. Lakini kinywa chake, kilichokuwa hodari kumalizia maneno ya wenzake, hakikuwa na mazoea ya kuanzisha ya kwake. "Tunduma kuna vumbi sana," alisema. Mkewe akajibu kwamba vumbi ni riziki ya kampuni ya sabuni, na usiku ule walilala kila mtu amegeukia ukuta wake.

Katikati ya wiki Ferdinand alikuja na gari la kampuni, jeupe, lenye povu limechorwa ubavuni. Kampuni ilitaka kufunga msimu kwa kishindo: tukio la mwisho la igizo lichezwe kanisani, Jumapili ya mavuno, mbele ya madhabahu yenyewe, mche wa sabuni ukiwa wa kweli, na kamera ziwepo. Ferdinand mwenyewe angekuwa Meneja Mkuu. Baada ya hapo kanisa lingepata bati jipya.

Mwalimu alimkimbilia Mchungaji Aliko. Mchungaji alitazama juu, kwenye dari yenye ramani za maji ya mvua, kisha akamtazama Mwalimu.

"Ni igizo tu, mwalimu. Na umeliandika wewe."

Mwalimu alirudi mezani kwake, akafungua igizo ukurasa wa mwisho na kuusoma taratibu, mara hii si kwa macho ya mtunzi bali kwa macho ya dalali wa kanisa. Maana hiyo ilikuwa kazi yake nyingine. Tangu enzi za ualimu, ndiye aliyeendesha mnada wa mavuno baada ya ibada, kwa rula yake ya ubaoni badala ya nyundo.

Na mnada wa usharika ule ulikuwa na desturi zake ambazo hazikuwepo hata Itaka wala Msangano. Kitu chochote kilichowekwa mbele ya madhabahu siku ya mavuno ni sadaka. Hakirudi kwa mwenyewe. Kinatolewa uani na kunadiwa, na mwenyewe akikitaka ashindane kama wengine. Pia fedha haikubaliki. Desturi hiyo ilianza mwaka mmoja wa zamani ambapo kahawa haikununuliwa, watu hawakuwa na senti, wakakubaliana kununua kwa mazao. Na ili tajiri asimtume kibarua, wakaongeza kwamba mazao yawe yale uliyovuna kwa mkono wako mwenyewe. Ghala la kanisa linajaa, wajane wanakula, na mtu anaondoka na jogoo kwa kutoa maboga.

Mwalimu alisoma tena ule mstari wa funguo. Kisha alicheka peke yake, kicheko kibaya kidogo, na kuomba msamaha kwa Mungu mapema.

"Bwana Ferdinand," alimwambia siku ya mazoezi, "fuata igizo neno kwa neno. Na funguo ziwe za kweli. Watazamaji wa siku hizi ukiwawekea za bandia wanajua."

"Mwalimu, wewe ni hatari," alisema Ferdinand kwa furaha.

Jumapili ya mavuno kulipambazuka kwa baridi na ukungu, watu wakaja kanisani na masweta juu ya nguo nyeupe. Mbele ya madhabahu kulijaa mazao: mikungu ya ndizi, mahindi ya kusuka, madebe ya maharage, kuku waliofungwa miguu wakilalamika. Katikati yake wanaume waliingiza mche wa sabuni wa Theluji, wa buluu, mkubwa kama kabati la nguo, ukiwa juu ya machela. Harufu yake ilizima harufu ya ndizi. Mtoto Theluji alipiga chafya.

Gwalugano aliingia wa mwisho. Mwalimu alimtazama na moyo ukamwuma, kwa sababu alikuwa mzuri. Alikuwa mzuri siku zote, lakini ni nani hukumbuka kumtazama mtu anayeleta chai? Alisema maneno yake yote bila kukosea. Alipofika mwisho alivua taji, akaliweka juu ya sabuni. Naye Ferdinand akapiga magoti, akatoa funguo za gari la kampuni, akaziinua ili kamera izione, akaziweka chini ya mche.

"Sina tena kitu duniani," alilia, "isipokuwa povu!"

Kanisa likapiga makofi. Benchi la mwisho, nyuma ya nguzo, Marta hakupiga. Mchungaji Aliko, ambaye huenda alikuwa mpole kuliko alivyokuwa mjinga, akasimama, akanyoosha mikono juu ya kila kilichokuwa mbele ya madhabahu, na kuomba: "Bwana, pokea sadaka hizi zote zilizoletwa kwako." Watu wakasema amina, safari hii amina ya kweli, kwa mazoea.

Uani, Mwalimu alipanda juu ya kiti na rula yake. Aliuza kuku. Aliuza ndizi. Kisha akaonyesha kwa rula, "Sasa, mche wa sabuni."

Ferdinand, aliyekuwa akipiga picha na wanakwaya, aligeuka. "Mwalimu, huo tunarudi nao. Ni wa maonyesho."

"Uliwekwa wapi?"

"Pale mbele."

"Ukaombewa?"

Ferdinand alimtazama Mchungaji. Mchungaji alikuwa anafuta miwani.

"Basi ni sadaka," alisema Mwalimu. "Ukiutaka, shindana. Nani anaanza?"

Akina mama wa usharika walinong'onezana, wakaunganisha mihogo yao, na mche ukawaangukia bila upinzani. Hawakusubiri kufika nyumbani. Walileta panga na kuanza kuukata pale pale, kila mtu kipande chake, wakigombana kwa furaha nani kapata cha pembeni. Kitu ambacho nusu saa nyuma kilipigiwa magoti kilikuwa sasa kwenye vikapu, kimefunikwa na majani ya mgomba, kwa ajili ya nguo za shule.

"Kinachofuata," alisema Mwalimu, akainua funguo kwa ncha ya rula. "Gari la povu."

Kicheko kilichotoka pale kilisikika mpaka barabarani. Ferdinand alitoa pochi haraka. "Sawa, sawa mwalimu, nimekubali, umenipata. Sema kiasi."

"Rudisha pochi, mwanangu. Leo tunanunua kwa mavuno ya mkono. Umevuna nini mwaka huu?"

Ferdinand alitazama viganja vyake, kana kwamba kuna kitu angekikuta. Maskini, alikuwa amepita mkoa mzima, amevuna watu kila soko, lakini hakuna alichovuna kinachoingia kwenye debe.

"Naanza na boga," ilisema sauti kutoka nyuma.

Alikuwa Marta, na kitenge chake chenye mabaka, boga amelikumbatia. Mwalimu aliuliza nani anaongeza. Watu walikuwa wanacheka mno, hakuna aliyeongeza. Mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, rula ikapiga ubao wa kiti, na Marta akazitundika funguo shingoni kwa kamba ya mgomba. Alipita katikati ya watu wenye nguo nyeupe, madoa yote nje, akaenda kukaa benchi la mbele kabisa kati ya yale yaliyotolewa uani. Watu walimpisha.

"Bibi," Ferdinand alimsihi, "nitakupa chochote."

"Gunia la viazi," alisema Marta. "Ulivyochimba wewe. Na mikono nitaikagua."

Sasa kilibaki kitu kimoja cha kunadi, taji. Mwalimu alilishika, na kwa mara ya kwanza siku ile akaacha kufurahi. Hicho ndicho alichokitaka tangu mwanzo. Mche na funguo vilikuwa mzaha, lakini taji likinunuliwa na mtoto yeyote akalivunja kwa kuchezea, hakutakuwa na Mama wa Povu, na Jumatatu hakuna safari. Alijua kabisa kwamba kiwanda kingetengeneza lingine kabla ya chakula cha jioni. Lakini mtu mwenye hofu hushika chochote kilicho karibu.

"Taji la plastiki," alinadi kwa dharau. "Limechakaa. Nani ana hata yai moja?"

"Debe la maharage," alisema Gwalugano.

Watu waligeuka. Alikuwa amesimama karibu na mlango wa kanisa, kichwa wazi, mikono kifuani.

"Mama Tumaini, hilo debe ni kubwa mno kwa kitu kama hiki."

"Dalali haulizi, dalali ananadi."

Watu wakaguna. Mwalimu alitafuta kwa macho mtu wa kuongeza. Aliwakonyeza wazee. Alimtazama Mchungaji. Hakuna aliyetaka kuingia kati ya mke na mume siku ya mavuno.

"Mara ya kwanza," alisema, kwa sauti ndogo. Akasubiri. Upepo ukapita. "Mara ya pili..." Akasubiri tena, mpaka watoto wakaanza kuhesabu wenyewe. Ndipo akafanya kitu ambacho dalali hajawahi kufanya. Alishuka kwenye kiti. "Naongeza mimi," alisema. "Gunia zima la mahindi."

Halafu Marta, kutoka benchi la mbele lililotolewa uani, funguo zikimng'aa kifuani, akauliza kwa upole kabisa, "Mahindi yaliyovunwa na mkono wa nani, mwalimu?"

Mwalimu aliliona ghala lao akilini, limejaa mpaka mlangoni: mahindi ya Gwalugano, maharage ya Gwalugano, viazi vya Gwalugano ambavyo bado viko ardhini vikimsubiri Gwalugano. Aliiona meza yake na kiti chake na kikombe cha chai. Alitazama viganja vyake, na pembeni akamwona Ferdinand anamtazama, kwa huruma ya mtu aliyekwishapita njia hiyo. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

"Sina kitu," alisema.

"Basi piga rula," alisema Gwalugano.

Akapiga. Gwalugano akaja, akachukua taji, akalivaa. Hakuna aliyecheka.

"Nyote mnadhani nimeamini sabuni," alisema. "Mimi? Niliyezifua nguo za nyumba ile kwa majivu miaka ya shida? Igizo nililielewa siku ya kwanza, wakati mwalimu bado anahangaika na koma. Nimelipenda taji hili kwa sababu nikilivaa watu wananyamaza mpaka nimalize. Mpaka dereva wa lori ananyamaza. Nyumbani kwangu sijamaliza hadithi tangu nilipoolewa. Nikafikiri, kama ni lazima niwe mungu wa sabuni ndipo nisikilizwe, basi..."

Mwalimu alivuta pumzi kummalizia. Usharika mzima ulimwona. Akafunga mdomo.

"...basi acha niwe," alimaliza Gwalugano. Akashtuka kidogo kuona amefika mwisho.

"Usiende," alisema Mwalimu.

"Nini?"

"Usiende Tunduma. Nitakukosa, Gwalugano. Siyo vumbi. Nilikudanganya habari za vumbi. Nikikaa mezani nasikiliza hatua zako zikirudi kutoka shamba, ndipo naandika. Nakuomba usiende."

"Sijasikia vizuri. Sema watu wa nyuma wasikie."

Akasema tena, kwa sauti ya kunadi. Akina mama wakapiga vigelegele, na mara hii Mwalimu hakuudhika. Gwalugano akamwita Ferdinand kwa kidole.

"Mwanangu, waambie wakubwa zako nyumba ya Tunduma siitaki, ya kwangu ninayo. Siku za soko nikipenda nitakuja, nisipopenda sitakuja. Na wewe unahitaji viazi, si ndiyo?" Akamgeukia mumewe. "Kesho ninyi wawili mtaniona shambani."

Jumatatu asubuhi king'ora cha Theluji kililia kama kawaida, ila watu wengi walikuwa wamekwishafika mtoni, wakifua kwa mabaki ya mungu wao, na povu likateremka bondeni hadi watu wa chini wakauliza kuna nini. Marta alikuwa miongoni mwao. Alisugua kitenge chake, mabaka hayakutoka, akakianika hivyohivyo mbele ya watu wote.

Juu, kwenye shamba la viazi, Ferdinand alikuwa amekunja suruali ya suti, anachimba na kuviacha vingi ardhini. Tuta la pili alikuwa Mwalimu, mgongo unamwuma, malengelenge yameanza kuchungulia viganjani. Juu ya gunia tupu, kivulini, alikaa Gwalugano na taji lake kichwani, kikombe cha chai mkononi, akiwaonyesha walikopitiliza.

"Siku ile ya arusi ya dada yangu," alianza, "mbuzi wa mjomba alipoingia jikoni..."

Mwalimu aliijua hadithi ile. Mbuzi alikuwa amekula unga wa keki, mjomba akasingizia watoto, na kilichochekesha kilikuwa mwishoni kabisa. Mwisho wenyewe ulimjia mpaka kwenye ulimi. Aliinamisha kichwa, akaingiza jembe ardhini, na kumwacha mbuzi aingie jikoni taratibu, kwa wakati wake.